Michezo ya tope, mchanga na maji kwa watoto wa chekechea: nianzeje kwenye ua mdogo?

BiMlezi_Kisauni aliuliza:

Asalaam aleikum nyote. Nalea watoto 14 mchana hapa Kisauni, Mombasa, wa miaka 2 hadi 5, na tuko walezi wawili. Ua ni mita 4 kwa 3, nusu yake ina kivuli cha mwembe. Nyumba ni ya kupanga. Nataka kuanzisha michezo ya mchanga, tope na maji, lakini iwe na mpango, si kuwatupia beseni halafu basi.

Nauliza: mchanga wa aina gani na kiasi gani? Watoto nawagawa vipi? Minyoo na macho je? Na wazazi nao. Mmoja kashasema yeye analipa mtoto asome, si achafuke. Nataka nimweleze mtoto anajifunza nini hasa. Nikimwambia "inachangamsha akili" hatoridhika, na ana haki. Mfuko wenyewe ni mdogo.

---

MwalimuPP1 alijibu:

Waaleikum salaam dada. Nianze na huyo mzazi, kwa sababu ukiwa na jibu lake, mpangilio mwingine wote utaupata humo humo.

Mwite siku moja akae kitako amtazame mtoto wa miaka 3 mwenye kata na chupa ya shingo nyembamba. Mtoto huanza kwa pupa: maji yote yanapita nje, chupa inalala chini. Anaisimamisha tena, safari hii kaishika kwa mkono wa kushoto. Anainamisha kata, anaona maji yanatoka mapana mno, anairudisha kidogo mpaka maji yanakuwa uzi, na uzi ule ndio unaoingia chupani. Katika dakika hiyo mikono miwili imefanya kazi mbili tofauti kwa pamoja, kifundo cha mkono kimezunguka kwa kipimo, na jicho limeuongoza mkono. Hayo hayo ndiyo yatakayotakiwa siku ya kushika penseli, kufunga vifungo na kukata kwa makasi. Mtoto ambaye vidole havijakaza ukimkimbiza kwenye penseli ataishika kwa ngumi, atabonyeza karatasi mpaka ipasuke, na atachoka upesi. Kukanda tope, kukamua kitambaa kilicholowa na kubana chicha ndani ya kifumbu ndiko kunakokaza vidole.

Hisabati nayo imo. Vifuu vingapi vya maji vinajaza kopo? Kipi kizito, kifuu cha mchanga mkavu au cha mchanga uliolowa? Weka pia kopo refu jembamba na bakuli pana. Mimina maji ya kopo moja ndani ya bakuli mbele ya macho yao, halafu uliza wapi kuna maji mengi. Wengi wa umri huu watakuonyesha lile refu bila kusita, na hawaachi kufikiri hivyo mpaka wakaribie miaka 7. Usiwasahihishe. Waache wamimine na kurudisha, kwani jambo hili halifundishwi kwa mdomo.

Sayansi utaiona kwenye keki za mchanga. Mchanga mkavu haushikani, keki inamwagika. Ukitiwa maji kidogo, maji hukaa katikati ya chembe na kuzivuta pamoja, keki inasimama. Yakizidi, chembe zinaelea na keki inakuwa uji. Kipimo cha kuanzia ni makopo 8 ya mchanga kwa kopo 1 la maji, lakini usiwape kipimo hicho watoto. Wape kopo dogo la maji na wakati. Mtoto wa miaka 4 aliyebomokewa na keki mara kadhaa huanza mwenyewe kuongeza maji kwa matone, na hilo ndilo jaribio lenyewe.

Lugha ndiyo inayosahaulika zaidi, na hapo kazi ni ya mlezi. Walezi wengi wakisimama kando ya beseni huanza mtihani: "Hii rangi gani? Hivi ni vingapi?" Mtoto anajibu neno moja na kuacha alichokuwa akifanya. Badala yake sema unachokiona: "Tope lako limekuwa rojorojo." "Mchanga huu unaparuza, ule ni laini." "Umejaza mpaka yakafurika." Halafu nyamaza. Akikutazama ndipo uulize swali moja la kweli: "Unadhani hii ilibomoka kwa nini?" Maneno kama *chepechepe*, *teketeke*, *kunata*, *utelezi* hayashiki kwa picha ya kitabuni. Yanashika mkono ukiwa ndani ya kitu chenyewe.

Kwa walio PP1 na PP2, miaka 4 na 5, mwambie mzazi kwamba mtaala wenyewe wa elimu ya awali umejengwa kwa shughuli: za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu. Beseni moja la tope linagusa zote hizo asubuhi moja.

Sasa mpangilio. Usiwatoe wote 14 kwa pamoja. Watoto 4 au 5 kwa beseni moja, mtu mzima mmoja haondoki hapo, na wengine wako na mlezi wa pili kwenye mkeka wakifanya kitu kikavu. Zamu iwe dakika 30 hivi. Dakika 10 za mwanzo hutumika kugusa tu na kumwaga, na hapo ndipo walezi wengi hukata tamaa wakidhani ni fujo. Mchezo wenyewe huanza baada ya hapo, kwa hiyo zamu ya dakika 15 ni hasara ya maji na sabuni. Kama muda haukutoshi, fanya siku mbili kwa wiki zenye zamu ndefu badala ya kila siku kwa haraka haraka.

Wa miaka 2 watenge. Wao hujaza na kumwaga, kujaza na kumwaga, na bado huonja kwa mdomo. Wakubwa wanajenga na wanataka kilichojengwa kisiguswe. Ukiwachanganya, wadogo wanabomoa na wakubwa wanapiga.

Vyombo usinunue vya dukani. Vifuu vilivyosuguliwa kwa msasa, kata, kifumbu kikuukuu, kung'uto, sufuria zilizotoboka, chupa za plastiki zilizokatwa kuwa mirija ya kumiminia. Viwe vichache lakini kila kimoja kiwe na pacha wake, maana kata moja kwa watoto watano ni ugomvi. Mbuzi ya nazi isionekane hata kwa mbali, wala kopo lenye mdomo uliokatwa kwa kisu.

---

Fundi_Likoni alijibu:

Nitasema la mchanga na chombo.

Mchanga wa pwani uache pwani. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo kwenye hewa yetu haukauki vizuri, na ngozi yenye mchubuko inachonyota. Isitoshe, kuzoa mchanga ufukweni ni kuumaliza ufuko. Wapeleke watoto huko wakachezee. Kwa uani chukua mchanga wa mto, ule wa kujengea, lakini ununue mpya, usichukue masalio ya saiti. Masalio yana saruji ndani yake, na saruji mbichi ikilowana huunguza ngozi. Vumbi la kokoto pia usilitumie. Ni jembamba mno, linaingia kifuani.

Upepete kwa waya wa matundu ya milimita 4 au 5 kuondoa mawe na misumari. Kisha tia kidogo ndani ya chupa angavu, jaza maji, tikisa, uache dakika 10. Ukiona tabaka nene la udongo juu ya mchanga, uoshe: theluthi moja ya ndoo iwe mchanga, maji juu yake, koroga kwa mkono, mwaga maji machafu. Rudia mpaka maji yatoke yakiwa karibu meupe.

Kwa nyumba ya kupanga usichimbe kitu. Tafuta pipa la plastiki la lita 210, lipasue kwa urefu, utapata mabirika mawili, yaani mabeseni marefu, ya kuzungukwa na watoto wanne kila moja. Moja litie mchanga, kama mitungi mitatu ya lita 20. Hiyo ni karibu kilo 95, kwa hiyo liweke mahali pake kwanza ndipo ulijaze. La pili liwe la maji au tope. Makali yaliyokatwa yafunike kwa mpira wa bomba la maji uliopasuliwa kwa urefu. Chini yapigie mbao mbili zilizochongwa nusu duara yasiyumbe. Birika la mchanga lichimbe matundu 8 au 10 ya milimita 6 kitakoni, tandika kipande cha neti ndani, ndipo mchanga. Bila matundu, maji ya watoto yatakaa chini, na baada ya siku chache mchanga utanuka mayai viza.

Nakusihi ulichunguze pipa kabla ya kulinunua. Mji wetu ni wa bandari, na mapipa mengi yanayouzwa yalibeba kemikali. Chukua lililobeba chakula tu, mafuta ya kupikia au sharubati, na lebo bado ipo. Lenye harufu ya dawa haliondoki harufu wala sumu kwa kuoshwa, hata kama bei ni ya kutupa.

Tairi kuukuu wengi hupenda, mimi sishauri. Linachoma juani, waya hutokeza kwenye makali, na maji yanayobaki ndani ni nyumba ya mbu. Na ukija siku ukajenga kwa mbao, usizipake oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Mikono ya watoto itakuwa hapo kila siku. Afadhali nguzo za mvinje ubadilishe zikioza.

Udongo wa kufinyanga: mwekundu, usio na mbolea. Wauza miche barabarani wanao, lakini ule wa mifuko ya maua umechanganywa na samadi. Waambie unataka udongo mtupu. Makopo 3 ya udongo kwa 1 la maji unapata tope la kufinyanga, 2 kwa 1 unapata la "kupika".

---

Muuguzi_Tudor alijibu:

Hatari si tope. Hatari ni kinachoingia ndani ya tope, na vingi vinazuilika.

Kwanza paka. Mji huu umejaa paka, na kwa paka mchanga mkavu uliolegea ni choo. Funika birika kila jioni kwa turubai lililofungwa kwa kamba, na asubuhi pitisha reki kabla ya mtoto yeyote kutoka. Ukikuta kinyesi, kitoe siku ile ile pamoja na mchanga unaokizunguka. Uharaka una sababu: mayai ya safura huhitaji siku kadhaa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli kabla viluwiluwi wake hawajaweza kupenya ngozi, na vijidudu vingine vya paka havina nguvu ya kuambukiza siku ya kwanza. Usafi wa kila siku unawahi kabla. Ukiona mtoto ana mstari mwekundu unaopindapinda chini ya ngozi ya mguu au makalio, unawasha na unasogea, huo ni mnyoo wa paka au mbwa. Apelekwe kliniki, usipake dawa ya kubahatisha.

Dawa ya minyoo hutolewa kliniki kila miezi 6 kuanzia mwaka 1. Waambie wazazi walete kijitabu cha kliniki uone tarehe ya mwisho.

Maji: yamwagwe yote mchezo ukiisha, hata kama ni ya thamani. Mwagia mwembe. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, kwa kuwa akiangukia uso hana nguvu ya kujiinua, na hapigi kelele. Mtu mzima wa birika la maji hapokei simu wala hafungui mlango. La pili ni mbu wa homa za dengi na chikungunya, yule mwenye madoa meupe miguuni. Chikungunya iliyoingia Mombasa mwishoni mwa 2017 bado wengi wanaikumbuka kwenye viungo. Mbu huyo hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga hakutoshi. Sugua kuta za birika kwa brashi kila wiki, kisha ligeuze chini juu.

Maji ya kuchezea yawe safi kama ya kuogea. Kisima chenye chumvi kinafaa kwa tope, ila suuza watoto kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi baadaye, hasa mwenye ukurutu. Huyo mpake mafuta ya mgando kwenye mikono na miguu kabla ya kucheza.

Mchanga ukiingia jichoni, mzuie asifikiche. Mlaze kichwa upande, mimina maji safi taratibu kutoka pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje, kwa dakika kadhaa. Jicho likiendelea kuuma au kuwa jekundu, hospitali.

Kwa walio chini ya miaka 3, hakuna kunde, choroko wala shanga kwenye mchezo. Kunde kavu ikiingia puani hunywa unyevu na kuvimba, na ukijaribu kuitoa kwa kijiti unaisukuma ndani. Mti wa mnyaa au wa mbarika ukiwepo uani, ung'oe: utomvu wa mnyaa unaunguza macho, na mbegu za mbarika ni sumu.

Kuonja tope mara moja moja si jambo. Anayekula udongo kila siku, anautafuta, apimwe damu, maana mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma.

Na hili naomba msilipite. Udongo usichukuliwe karibu na gereji, mahali pa kuchomea taka, wala panapovunjwa betri. Kule Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea mpaka mahakama za juu. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Tope la mahali kama hapo kuosha mikono hakutoshi.

---

BiMlezi_Kisauni:

Mungu awalipe. Pipa la mafuta ya kupikia nimeelekezwa mahali, nitaangalia lebo kwanza. Yamebaki mawili. Kuna bibi wa mtoto ameniambia kuchezea mchele na unga ni dhambi, na kwamba mtoto atarudi na najisi. Na nina mtoto wa miaka 3 ambaye akiguswa na tope hulia na kunyoosha vidole mbali. Nimlazimishe kidogo azoee?

---

UaniKwetu_MjiWaKale alijibu:

Bibi msikilize, dada. Chakula kuchezewa kina watu kinaowaumiza, na kuna nyumba mtaa huo huo zinazokihesabu kwa kikombe. Huna haja nacho. Chicha iliyokwisha kukamuliwa tui mara ya mwisho, ambayo ingeenda kwa kuku, inakamuliwa vizuri mno na vidole vidogo. Ila kwa joto letu huchacha, itumike asubuhi ile ile na itupwe kabla ya adhuhuri. Kumbi za nazi za kuchambua nyuzi. Majani ya mrehani na mchaichai ya kusaga kwenye kinu kidogo ili wanuse. Maua ya asumini yaliyoanguka ya kuelesha majini. Unga mbichi nao si salama kuonjwa, kwa hiyo bibi yuko sawa mara mbili.

La najisi: udongo safi ni tohara, ndio huo tunaotayamamu. Mwonyeshe bibi turubai la usiku na reki ya asubuhi, aone kwamba paka hafiki. Akiona hivyo utakuwa umempata. Halafu mwombe akufundishe kusuka pakacha dogo kwa kuti, watoto wabebee mchanga. Mabibi wa hapa wanajua michezo ya uani kuliko sisi, ila hawaulizwi.

---

MwalimuPP1 alijibu:

Usimlazimishe hata kidogo. Mkono ukiingizwa tope kwa nguvu, mtoto hujifunza kwamba tope ni la kuogopwa na wewe pia.

Anza mbali. Siku za mwanzo asimame kando akiwa na kitambaa chenye unyevu mkononi, ajue kwamba akichafuka atajifuta papo hapo. Mara nyingi hicho kitambaa ndicho kinachomlegeza. Kisha mpe mchanga mkavu na kijiko kirefu, asiguse chochote. Baadaye kijiko kifupi. Kutoka mkavu nenda kwenye wenye unyevu kidogo, tope liwe la mwisho kabisa. Kumpa kazi husaidia: awe mwenye kumimina maji kwa wenzake. Mwingine huchukua siku chache, mwingine miezi, na wote ni sawa.

La kuangalia ni hili: kama si tope tu, bali pia nguo, nyasi, kuogeshwa, kukatwa kucha, na vyakula vingi anavikataa kwa mguso wake, zungumza na mzazi kwa upole ampeleke hospitali kubwa aonwe na mtaalamu wa tiba ya utendaji (occupational therapist). Hao hufanya kazi hiyo hasa, na mapema ni bora.

---

Muuguzi_Tudor alijibu:

Naongeza la mafua, maana mabibi watauliza. Maji hayaleti nimonia, vijidudu ndivyo huleta. Lakini mtoto aliyelowa akikaa kwenye upepo wa kusi hutetemeka na mchezo unaharibika, kwa hiyo nguo kavu ziwe tayari kabla hawajatoka. Saa nzuri ni kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 4, au baada ya saa 10 jioni. Katikati ya hapo jua ni kali hata kwenye kivuli chembamba.

---

UaniKwetu_MjiWaKale alijibu:

Na nguo, ili wazazi wasikununie: kila mtoto alete fulana na kaptula kuukuu za kuchezea, zikae kwako. Weka mabeseni mawili ya kuoshea, la kwanza la kutoa mchanga, la pili la sabuni. Maji ya la kwanza yasiingie mferejini wala chooni. Mchanga hutua kwenye bomba na mwenye nyumba atakuja juu. Yamwage shinani mwa mwembe. Tope jekundu lisisuguliwe likiwa bichi. Liache likauke, likung'ute, loweka nusu saa kwenye maji baridi na sabuni. Doa likibaki, paka ndimu na chumvi uanike juani. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe usiitie, kwa sababu wekundu wa udongo ule ni kutu ya chuma, na dawa hiyo huzidi kuikaza kwenye nguo.